Mgeni Mmoja, Wenyeji Wawili: Historia ya Kuvuka Mpaka Katika Nchi ya Mara

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo yachukulia kwamba nyumba ni moja na mwenyeji wake ni mmoja. Haikutungwa kwa ajili ya mahali ambapo mgeni mmoja ana wenyeji wawili, kila mmoja na mlango wake, na kila mmoja akiona kwamba haki ya kupona ni yake kwanza. Mahali pa namna hiyo pako upande wa kaskazini wa mkoa wa Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako Tanzania hupakana na Kenya.

Msafiri aliyepewa viza ya matembezi katika nchi mojawapo ya hizo mbili, naye akatamani kuitazama ile ya pili kwa siku chache kisha arejee, hukuta katika nchi hiyo milango miwili. Mlango wa kwanza uko Sirari, kaskazini ya mji wa Tarime, nao hutazamana na Isebania ya Kenya. Huo u wazi. Mlango wa pili uko Bologonja, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, nao hutazamana na Sand River katika Maasai Mara. Huo ulifungwa mwaka 1977, na mipaka mingine ilipofunguliwa tena, wenyewe ukaachwa umefungwa.

Aghalabu watu wakizungumza habari za mipaka ya Afrika lawama yote huwaangukia Wazungu walioigawa. Kwa habari ya mpaka wa Mara, lawama hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Wazungu walichora mstari. Ukuta unaomzuia mgeni ulijengwa baadaye, na majirani wawili waliokuwa huru, kwa sababu ya fedha za mgeni huyo huyo. Tena wale waliokaa juu ya mstari huo tangu kabla haujachorwa hawakuulizwa neno mara ya kwanza, wala mara ya pili.

Mstari na watu wake

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliweka mpaka kuanzia mdomo wa mto Umba, pwani, ukaelekea kaskazini-magharibi, ukapinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukanyooka mpaka ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria mahali palipo nyuzi 1 kusini ya ikweta. Mapatano ya mwaka 1890 yakauendeleza mstari kuvuka ziwa. Wapimaji waliotumwa kuweka alama za mpaka walifika mwanzoni mwa karne ya 20, yaani baada ya nchi kwisha kugawanywa katika karatasi.

Mstari ulionyooka hauujui mto wala kilima. Mto Mara huanza katika misitu ya Mau, hupita katika mbuga za Maasai Mara, hukata mpaka na kuingia kaskazini ya Serengeti, kisha huelekea magharibi ukizitenga wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake ziwani karibu na Musoma. Mto huo ungaliweza kuwa mpaka wenyewe, lakini mstari uliupitia juu kama kwamba haupo.

Vivyo hivyo mstari haukuwajua watu. Wakuria hawakuwa na mfalme mmoja. Walijigawa katika nchi ndogo ndogo, kila moja ikiitwa *ikiaro*, na zikiwa nyingi *ibiaro*. Ikiaro ilikuwa na ardhi yake, wazee wake wa baraza la siri liitwalo *inchama*, na mkutano wake wa hadhara uitwao *iritongo*. Ibiaro nne zilikatwa na mpaka: Abairege, Abanyabasi, Abakira na Abagumbe. Tangu hapo mtu wa Abairege aliyekwenda kumposea mwanawe kwa watu wa Abairege wenzake aliweza kuwa, kwa hesabu ya serikali, amekwenda ng'ambo. Ibiaro nyingine zilibaki zote upande wa kusini. Majirani zao wa ng'ambo ya mto Mara, yaani Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, hawakukatwa na mstari, maana nchi zao ziko mbali nao kidogo.

Hata hivyo mpaka huo haukuuma mara moja. Wajerumani walikuwa na vituo vichache tu katika nchi hiyo, kama Shirati kando ya ziwa na boma la Ikoma katika mbuga, wala hawakuwa na askari wa kutosha kulinda kila kichaka. Mwezi wa Septemba 1914 mpaka ulivukwa kwa bunduki: jeshi la Wajerumani liliingia upande wa Waingereza na kupigana nao Kisii, kisha likarudi. Baada ya vita Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza, na bendera moja ikapepea pande zote mbili za mstari.

Wakati wa mwenyeji mmoja

Kipindi cha Waingereza chapaswa kutazamwa vizuri, kwa kuwa ndicho kilichofanya watu wasahau kwamba mpaka upo. Sarafu ilikuwa moja, shilingi ya Afrika ya Mashariki. Forodha iliunganishwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1920. Barua, reli na ndege vilikuja kusimamiwa kwa pamoja. Vijana wa Kikuria kutoka pande zote mbili waliandikishwa katika jeshi moja la King's African Rifles. Mtu aliyetoka Tarime kwenda Kisii kuuza ng'ombe alihofia wezi wa njiani kuliko karani wa serikali.

Katika wakati huo huo mgeni wa aina mpya alianza kuja, yule asiyekuja kulima, kuhubiri wala kutawala, bali kutazama wanyama. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Upande wa Kenya, Mara ilitengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1961. Katika miaka ya 1960 kipande cha Lamai, kilicho kaskazini ya mto Mara, kiliongezwa katika Serengeti. Nyumbu hawakuhitaji kuambiwa habari hizo. Kila mwaka, kwa kufuata mvua na majani, hupanda kaskazini na kuingia Kenya, kisha hurudi kusini kuzaa. Tangu miaka ya 1960, ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa katika ng'ombe, idadi yao iliongezeka hata ikapita milioni moja.

Mgeni aliwafuata nyumbu. Alishuka Nairobi, akapanda gari la kampuni ya Nairobi, akalala Keekorok katika Mara, akavuka Bologonja kwa mwendo mfupi, akalala Lobo au Seronera katika Serengeti, akapita Ngorongoro na Manyara, kisha akarudi Nairobi kwa njia ya Arusha na Namanga. Kwake yeye Tanzania ilikuwa matembezi ya pembeni katika safari ya Kenya. Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 na wa Kenya mwaka 1963 haukuibadili njia hiyo. Wala sarafu mbalimbali zilizoanzishwa mwaka 1966 hazikuibadili. Mwaka 1967 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia sahihi mkataba wa Ushirikiano wa Afrika ya Mashariki, na huduma za pamoja zikaendelea.

Lakini hapo ndipo swali la methali lilipoanza kuulizwa: mwenyeji anayepona ni yupi? Mbuga zilizo kubwa zaidi katika njia ile zilikuwa za Tanzania. Gari, dereva, tikiti ya ndege na fedha za safari nzima vilikuwa vya Nairobi. Tanzania ilipata kiingilio cha lango na malipo ya usiku chache za kulala. Ilibaki pia na kazi ya kutunza barabara, kuwalinda wanyama na kupambana na majangili. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ulikuwa jibu mojawapo: mgeni ashuke Tanzania moja kwa moja. Jibu hilo halikutosha, kwa maana njia ya Nairobi ilikwisha kuzoeleka.

Mwaka wa 1977

Ushirikiano uliyumba kwa sababu nyingi, na habari ya watalii ilikuwa moja tu kati ya hizo. Siasa za nchi zilikuwa zimeachana, Kenya ikishika soko huria na Tanzania ikishika ujamaa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda mwaka 1971, na wakuu wa nchi hawakuweza tena kukaa meza moja. Madeni ya shirika la ndege la pamoja yakawa ugomvi. Mwezi wa Januari 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege, na tarehe 4 Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya.

Ilivyofungwa yastahili kukumbukwa. Magari na ndege ndogo za kampuni za utalii za Kenya zilizokutwa Tanzania zilizuiliwa. Wageni waliokuwa safarini walijikuta katika ugomvi usiowahusu. Katika vita vya namna hiyo mateka huwa askari au mali ya serikali. Hapa kilichokamatwa kilikuwa chombo cha kumbebea mgeni. Jambo hilo laonyesha wazi kuliko hotuba yoyote kile ambacho nchi mbili zilikuwa zikigombania.

Tanzania ilipata hasara iliyotazamiwa na zaidi ya hiyo. Idadi ya wageni wa Serengeti ilianguka vibaya. Hoteli za kaskazini, zilizojengwa kwa ajili ya wageni wanaopita Bologonja, zilikuwa sasa mwisho wa njia isiyokwenda popote. Fedha za kulipia askari wa wanyamapori zilipungua, na miaka iliyofuata ikawa miaka mibaya ya ujangili, hasa kwa vifaru na tembo. Kenya nayo ilipoteza mbuga za Serengeti katika safari zake, lakini ilibaki na Mara, bahari na Nairobi. Wageni wakazidi kujaa Maasai Mara.

Katika vijiji vya mpakani kufungwa kwa mpaka kulikuwa na maana nyingine. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika sana Tanzania: sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, nguo. Vitu hivyo vilikuwako Isebania na Migori. Mifugo na mazao yakapanda kaskazini usiku, bidhaa za dukani zikashuka kusini, na njia walizozipita shangazi na wajomba tangu zamani zikaitwa njia za panya. Jina hilo lastahili kutazamwa na wanaochunguza maneno. Njia haikubadilika, wala mpitaji hakubadilika. Kilichobadilika ni sheria, na kwa kubadilika kwake mtu mzima mwenye heshima zake akawa panya. Mwaka 1983 kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliwatia hofu wafanya biashara nchini kote, na wa mpakani hawakusalia nyuma.

Mlango uliofunguliwa na mlango ulioachwa

Mwezi wa Novemba 1983, baada ya kupatana juu ya kugawana mali za jumuiya iliyokufa, Tanzania na Kenya zilifungua tena mpaka wao. Mwaka 1985 zikafanya mapatano juu ya utalii. Vituo kama Namanga na Sirari vilirudi kazini. Bologonja haikurudi.

Hoja za Tanzania katika jambo hilo zimekuwa mbili. Ya kwanza ni ya mapato: lango likifunguliwa, Serengeti itageuka tena kuwa ua wa nyuma wa hoteli za Kenya. Ya pili ni ya hifadhi: kaskazini ya Serengeti ni sehemu tulivu ambayo nyumbu huitegemea wakati wa kiangazi, na msururu wa magari kutoka Mara ungeiharibu. Wafanya biashara wa utalii wa Kenya wamejibu mara kwa mara kwamba mbuga ni moja, na kwamba kumzungusha mgeni ni kumchosha bure. Kila upande una sehemu ya haki. Ila hoja ya hifadhi haikutajwa sana siku ile magari yalipokamatwa. Ilikuja kuisaidia hoja ya fedha baadaye, ikakua hata ikaweza kusimama peke yake.

Matokeo yake ni safari ya ajabu. Mgeni aliyeko Maasai Mara, anayeiona Serengeti kwa macho, hana ruhusa ya kuivukia pale alipo. Hurudi magharibi hadi Migori, kwa gari au kwa ndege ndogo, huenda Isebania, hugongewa muhuri wa kutoka, huingia Sirari kwa kugongewa muhuri mwingine, hufika Tarime, na kutoka huko huendelea kwa gari au kwa ndege nyingine hadi Kogatende, karibu na pale alipoanzia. Nyumbu huvuka kwa dakika chache. Mgeni humaliza sehemu kubwa ya siku.

Karatasi zake nazo zina historia. Viza ya kuingia mara moja, kwa kawaida, hufa mwenye nayo akitoka. Kwa miaka mingi Kenya ililegeza kamba hiyo kwa mgeni aliyekwenda Tanzania au Uganda na kurudi kabla siku za viza yake hazijaisha. Huo ulikuwa mwangwi wa zamani za njia moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2000. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutoa viza moja ya utalii kwa nchi zote tatu, ya siku 90. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kwa hiyo mwenye viza hiyo akifika Sirari hana budi kuomba viza ya Tanzania kama kwamba ndiyo kwanza anafika Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni na kuweka mahali pake kibali kinachoombwa kabla ya safari kwa njia ya intaneti. Jina limebadilika, lakini kibali hicho hakimfikishi mtu Serengeti.

Mgeni ni nani?

Kiswahili kina neno moja, *mgeni*, kwa mtu anayekaribishwa na kwa mtu asiyejulikana. Lugha iliyaacha mambo hayo mawili pamoja kwa kuwa desturi ilikuwa na namna yake ya kuyatenga, nayo ni muda na kazi. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kwa methali hiyo ugeni ni hali ya kupita. Mtu huingia mgeni, na jembe humfanya mwenyeji. Sheria ya viza ya matembezi husema kinyume chake kabisa: mgeni amepewa siku zake, na katika siku zote hizo asiguse jembe. Akiligusa, amevunja sheria. Katika desturi, mgeni asiyefanya kazi ni mzigo. Katika sheria, mgeni anayefanya kazi ndiye mkosaji, na yule anayetumia fedha tu ndiye mgeni mwema.

Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu wa mbali. Shida ni kwamba mstari wa Mara haukati watu wa mbali peke yao. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza na kupewa pasi ya hadi miezi sita. Hiyo ni faida kubwa, na mwenye duka wa Tarime anayekwenda kununua mali Migori aijua. Lakini pasi hiyo bado ni ya mgeni. Mtu wa Abairege aliyeko Tarime akienda kumsaidia ndugu yake wa Kenya kuvuna, desturi humwita mwenyeji tangu siku ya kwanza, na sheria humhesabia siku. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeruhusu raia wake kuwa na uraia wa nchi mbili. Sheria ya Tanzania humtaka mtu mzima achague mmoja. Hivyo hata mlango wa uraia, kama ule wa Bologonja, u wazi upande mmoja tu.

Historia hii ina mwenyeji wa tatu, ambaye hakuwa na kiti katika mapatano ya 1886, wala ya 1967, wala ya 1985. Huyo ni mtu wa kijiji cha mpakani. Kufungwa kwa Bologonja kulimharibia Mtanzania wa Seronera na Mkenya wa Keekorok, lakini kumeleta msafiri katika njia ya Tarime, mahali ambapo kabla ya hapo mtalii hakuwa na haja ya kupita. Lango likifunguliwa kesho, msafiri huyo atapita juu, hifadhi kwa hifadhi, na Sirari itabaki na malori na jamaa zake. Likibaki limefungwa, mgeni ataendelea kupita Tarime akiitazama kama foleni ya muhuri, huku vijana wa hapo wakimwona kwenye dirisha la gari.

Kwa hiyo ubishi wa lango moja, ufunguliwe au usifunguliwe, ni ubishi wa miji mikuu miwili juu ya nani apone. Ibiaro zilizokatwa na mstari zina swali lililo la zamani kuliko hilo, nalo halijaandikwa katika mkataba wowote: mtu anayevuka kwenda kwao ahesabiwe siku ngapi kabla hajaacha kuwa mgeni.